Miti Ilikuwa Kando Yetu

Kwa miaka kumi na minane, kuanzia 1993 hadi 2011, nilirusha ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilinipeleka kaskazini mwa Kenya: Isiolo, Laisamis, Korr, North Horr, Moyale, na mara nyingi zaidi Marsabit. Siku hizi nafundisha darasani tu. Wanafunzi wakiniuliza ni safari ipi iliyonifunza kazi, hutarajia niwasimulie habari ya dhoruba au ya injini iliyozimika angani. Safari iliyonifunza ilikuwa fupi, injini ilinguruma vizuri mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyepata hata mchubuko ndani ya ndege, na katika logibuku, kile kitabu ambamo rubani huandika kila safari yake, niliijaza kwa mstari mmoja ambao haukuwa uongo na haukuwa ukweli.

Ni lazima kwanza nieleze mlima wenyewe wa Marsabit. Ukitoka Isiolo kuelekea kaskazini, nchi ni tambarare na kavu kwa mwendo mrefu, nyika ya Kaisut imetandazwa chini yako kama ngozi iliyoanikwa, kisha mbele unainuka mlima wa volkano iliyozimika, wenye msitu mzito juu yake na mashimo makubwa ambayo wenyeji huyaita gof. Kilele chake kina mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji pamoja na kiwanja cha ndege viko mabegani mwake, zaidi ya futi 4,000. Msitu ule unaishi kwa ukungu. Upepo wa kusini-mashariki unaotoka upande wa Bahari ya Hindi huja na unyevu, ukifika kwenye mteremko hupanda na kupoa, na usiku kucha huufunga mlima kilemba cha wingu ambacho hakivuliwi mpaka jua lipate nguvu. Kwa ndovu, na kwa mifugo ya Waborana, Wagabra na Warendile, wingu hilo ni uhai. Kwa rubani wa ndege ndogo ni mlango uliofungwa hadi saa nne au saa tano asubuhi, na zipo siku za masika ambazo haufunguki kabisa. Linalopotosha zaidi ni kwamba kilomita thelathini kabla ya kufika, jua linawaka na unaona mpaka upeo wa macho. Unafika ukiwa na moyo wa mtu aliyekwisha kuona kwamba leo hali ya hewa ni nzuri.

Ilikuwa Aprili 2001. Usiku wa kuamkia siku ile, hospitali moja ya huko ilikuwa imeomba msaada kwa redio: mama mmoja alikuwa na uchungu wa siku mbili, mtoto amekwama, na barabara ya Isiolo, ambayo wakati huo haikuwa na lami na ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 250, ilikuwa imekatwa na mvua. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, iliyopangiwa kupeleka masanduku ya chanjo hukohuko, kwa hiyo safari mbili zikaunganishwa kuwa moja. Nilibeba maafisa wawili wa afya, masanduku yao, na mtawa mmoja muuguzi ambaye angemhudumia mgonjwa wakati wa kurudi. Meneja wa zamu alikuja hadi mlangoni pa ndege akaniambia, "Kapteni, huyo mama hana muda." Hakuwa na nia mbaya, na alilosema lilikuwa kweli. Hata hivyo naamini kosa langu lilianzia pale, kwa sababu tangu dakika hiyo sikuwa tena rubani anayekwenda kutazama kama Marsabit itakubali. Nilikuwa mtu aliyekwisha kutua kichwani mwake, aliyebakiza tu kuupeleka mwili na ndege.

Watu wengi hudhani kutua ni kushuka. Kutua ni kupunguza vitu vitatu kwa pamoja, yaani mwinuko, mwendo na umbali uliobaki, bila kimoja kwisha kabla ya vingine. Ndege kama Caravan ikiwa kwenye mstari wa mwisho huja kwa mwendo wa kilomita 160 hivi kwa saa, ikishuka takribani futi 500 kila dakika. Flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia ndege kwenda polepole, zimeshushwa, nguvu ya injini imepunguzwa, na ndege iko karibu na ardhi kiasi kwamba kosa la sekunde kumi linaweza kukosa sekunde kumi za kulirekebisha. Ndiyo maana kanuni ya kazi yetu inasema kwamba ukifika futi 500 juu ya kiwanja unapotua kwa macho, au futi 1,000 unapotegemea vyombo, kila kitu kiwe kimetulia: mwendo, mstari na kasi ya kushuka. Kama hakijatulia hubishani na ndege. Unasukuma nguvu, unapanda, unaanza upya au unakwenda kwingine. Kanuni hiyo niliijua kama ninavyolijua jina la mama yangu, na nilikuwa nimeifundisha kwa vijana wawili mwaka uleule.

Marsabit ya wakati huo haikuwa na mtambo wa kumshusha rubani ndani ya wingu. Ulitua kwa macho au hukutua. Nilifika saa mbili asubuhi nikiwa juu ya wingu jeupe lililokaa mlimani kama povu la maziwa, nikazunguka mara moja, nikazunguka mara ya pili. Juu ya dashibodi nilikuwa nimebana jipiesi (GPS) ndogo ya mkononi, kifaa cha kuonesha mahali ulipo kwa setilaiti, ambacho miaka ile kilitufanya wengi wetu tujione mabingwa. Iliniambia kwamba kiwanja kiko kilomita sita mbele, na ilisema kweli. Haikuniambia, kwa sababu haikujua, ardhi iliyo katikati ya kilomita hizo sita ina kimo gani.

Katika mzunguko wa pili wingu likapasuka upande wa kusini, nikaona chini barabara nyekundu, mabati ya nyumba mbili na mbuzi. Nataka niseme wazi kwamba tundu lile halikuwa ndoto. Barabara ilikuwa ya kweli, mbuzi walikuwa wa kweli, na mtu yeyote aliyekaa kiti cha kulia angeniunga mkono. Nikapunguza nguvu, nikalaza bawa la kushoto, nikashuka nikizunguka ndani ya tundu kama mwewe aliyeona kifaranga, na nilipofika chini nikanyoosha ndege juu ya barabara ile, nikijua kwamba inaelekea mjini na kwamba kiwanja kiko kando ya mji. Mvua nyembamba ilikuwa imetanda kwenye kioo cha mbele. Kwa dakika moja hivi mambo yalikwenda sawasawa. Kisha barabara ikaanza kupanda, na wingu halikupanda nayo.

Nafasi kati ya ardhi na wingu ilipungua taratibu mno hata sikuona wakati ilipokwisha. Hilo ndilo ninalowaambia wanafunzi kila mwaka na wao huandika katika daftari bila kuamini: hakuna mpaka uliochorwa. Kila sekunde inafanana sana na iliyoitangulia, na ile iliyoitangulia ulikuwa hai. Nilishusha flapu zaidi ili nipunguze mwendo, ikiwa ni maandalizi ya kutua kwenye kiwanja nisichokiona. Nikageuza uso upande wa kulia nitafute barabara, nikaona majani. Niliona zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ya msitu wa Marsabit, na tawi moja lililovunjika karibuni likionesha mbao nyeupe ndani. Niliyaona hayo kupitia dirisha la ubavuni, usawa wa jicho langu.

Sikumbuki kuamua. Mkono ulisukuma wenzo wa nguvu hadi mbele, pua ikainuka, nikakunja kushoto kuelekea upande ambao kumbukumbu iliniambia kuwa ni tambarare, na macho yakarudi kwenye vyombo kwa sababu nje hakukuwa na kitu tena ila weupe. Honi inayoonya kwamba bawa linakaribia kushindwa kuibeba ndege ililia mara mbili, kwa kifupi, nami nikaulegeza usukani kidogo. Kulegeza kule ndiko kulikotuokoa kuliko nguvu ya injini. Hofu humwambia rubani avute, na mtu anayevuta kupita kiasi akiwa mwendo mdogo hulinyima bawa hewa. Ndege yenye injini nzima huanguka kama jiwe, na wengi waliokufa katika kona ya mwisho ya kuelekea kiwanja walikufa hivyo. Tulipita ndani ya wingu kwa sekunde arobaini au hamsini. Kisha jua likatupiga usoni, anga likawa la buluu, na mlima ukawa tena povu la maziwa chini yetu, limetulia, kama kwamba hapakuwa na lolote.

Maafisa wa afya walikuwa wakizungumza. Mmoja wao alidhani kwamba ule ulikuwa mzunguko mwingine wa kungojea. Lakini mtawa, ambaye alikuwa amekaa nyuma yangu upande wa kulia, aliinama mbele akaniuliza sikioni, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Kapteni, ile miti ilikuwa chini yetu au kando yetu?"

"Chini, Sista," nikamjibu.

Tukaenda Isiolo, tukakaa chini ya bawa kwa muda wa karibu saa tatu tukinywa chai ya mtu aliyekuwa na jiko lake pembezoni mwa kiwanja. Redio ilipotuambia kwamba wingu limeinuka tulirudi, tukatua pasipo shida yoyote, tukamchukua mgonjwa. Mama yule aliishi. Mtoto hakuishi. Sikumwuliza daktari kama saa tatu zile zilikuwa na maana, na hadi leo sijauliza, kwa sababu ninajua ningelitumiaje jibu. Ningeambiwa zilikuwa na maana, ningejilaumu kwamba sikusukuma zaidi. Ningeambiwa hazikuwa na maana, ningejiambia kwamba basi hakuna lililoharibika. Rubani akishaanza kupima uamuzi wake kwa matokeo ya mgonjwa, hatabaki na kipimo cha kitu chochote. Jioni, pale Wilson, meneja alinipa mkono akanisifu kwa busara ya kugeuza. Nikaipokea sifa. Katika logibuku nikaandika: "Marsabit, wingu chini, tumegeuzia Isiolo, tumerudi Marsabit." Kila neno hapo lingesimama mahakamani.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mara nyingi, na majibu yamebadilika kadiri ninavyozeeka. Kulikuwa na hofu ya leseni na ya mkate wa watoto. Kulikuwa pia na aibu, kwa sababu nilikuwa mwalimu. Zaidi ya hayo, kulikuwa na desturi yetu kwamba hadithi ya namna hii husimuliwa miaka mingi baadaye, kwa kicheko, mezani, msimuliaji akiwa shujaa aliyeuchomoa mkia wake kwenye mlango wa fisi. Hadithi ikishakuwa na shujaa haina tena funzo. Wasikilizaji huondoka wakijua kwamba fulani ni hodari, hawaondoki wakijua kwamba barabara ya kusini mwa Marsabit hupanda kuliko wingu. Wakati ule hata hadithi ya kicheko sikuisimulia. Nilinyamaza kwa miaka mitano.

Jumatatu tarehe 10 Aprili 2006 nilikuwa Wilson, nimerudi kutoka safari fupi, nikaona watu wamesimama kando ya redio ya kibanda cha chai bila kuagiza kitu. Ndege ya Jeshi la Anga la Kenya aina ya Harbin Y-12, yenye injini mbili za rafadha, ilikuwa imegonga kilima karibu na Marsabit ilipokuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Ndani yake walikuwemo watu 17, na 14 kati yao walikufa. Ilikuwa imebeba ujumbe wa amani. Julai ya mwaka uliotangulia, mashambulizi ya Turbi yalikuwa yameua watu zaidi ya 50, wakiwemo watoto wa shule, na viongozi wa kaskazini walikuwa wamekubali kukaa pamoja ili Waborana na Wagabra wapatanishwe. Alikuwemo Bonaya Godana, mbunge wa North Horr aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje. Walikuwemo Titus Ngoyoni wa Laisamis, Abdi Sasura wa Saku, Guracha Galgallo wa Moyale, na Mirugi Kariuki wa Nakuru aliyekuwa waziri msaidizi. Alikuwemo pia Askofu William Waqo wa Kanisa la Kianglikana. Majimbo yote manne ya eneo ambalo leo ni Kaunti ya Marsabit yalibaki bila mbunge kwa asubuhi moja. Watu ambao wafuasi wao walikuwa wakiviziana visimani walikufa wamekaa bega kwa bega wakienda kutafuta mapatano, na sijui msiba mwingine wa nchi yetu ambao ulikuwa na uchungu wa aina hiyo.

Sitasema neno juu ya marubani wale. Sikuwa nao, na si mimi wa kuwahukumu; waliokaa chini na chai ya moto hupata marubani wazuri sana siku ya pili ya kila ajali. Wala sidai kwamba hadithi yangu ingewafikia, kwa maana wao walikuwa wanajeshi na mimi raia wa ndege za kukodi, na huenda mahali walipogonga hapakuwa karibu na mti wangu. Ninachosema ni hiki tu: wakati wenzangu walipokuwa wakisikiliza redio na kutikisa vichwa, mimi nilikuwa naliona lile tawi lililovunjika. Nilikuwa najua kitu juu ya mlima ule ambacho hakikuwa kimeandikwa mahali popote, na sababu ya kutoandikwa ilikuwa mimi.

Juma lile sikuruka. Nilimwambia mwajiri kwamba nina homa. Nilipopata nguvu nilimwita kijana mmoja aliyekuwa ameanza safari za kaskazini, nikamkalisha ndani ya Caravan iliyokuwa imeegeshwa, yeye kiti cha rubani na mimi cha kulia, nikamweleza safari ya 2001 kuanzia mlangoni pa ndege, kwa meneja na sentensi yake, hadi kwenye jibu nililompa Sista. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, mimi ilinitokea Januari, lakini upande wa mashariki." Januari! Miezi mitatu tu ilikuwa imepita. Alikuwa amepita tundu la namna ileile, ameona miti ya namna ileile, naye amenyamaza kwa sababu alidhani kwamba ni yeye peke yake aliye mjinga Wilson nzima, na kwamba mtu kama mimi nisingefanya jambo kama hilo.

Tangu hapo nikawa naisimulia kwa kila aliyetaka kusikia na kwa baadhi ya wasiotaka. Mkubwa mmoja kazini aliniita kando akaniuliza kwa nini najichafua mwenyewe. Wapo walioacha kunisalimu kwa muda. Lakini katika miaka mitatu nilikuwa na daftari lenye simulizi za wenzangu kumi na mmoja, bila majina, kila moja ikieleza mahali, saa, wingu, na kile ambacho rubani alikuwa anakiharakisha. Nilipolisoma lote kwa pamoja niliona kwamba hali ya hewa ilitofautiana, ndege zilitofautiana, na kilichofanana karibu kila ukurasa ni mtu aliyekuwa akingoja chini: mgonjwa, mheshimiwa, bwana harusi, watalii wenye ndege nyingine ya kuunganisha jioni, shehena ya miraa ambayo bei yake hunyauka pamoja na majani. Wingu peke yake haliwavuti watu kwenye mlima.

Baadaye nilisoma utafiti wa Flight Safety Foundation ulioonesha kwamba katika ndege za mashirika, kati ya majaribio ya kutua ambayo hayakuwa yametulia kama kanuni inavyotaka, ni asilimia 3 tu yaliyokatizwa. Marubani waliendelea kutua katika asilimia 97 iliyobaki. Takwimu hiyo haikunishangaza. Mara nyingi sana ukiendelea unatua salama, na kila ukitua salama unajifunza kwamba kanuni ina woga kupita kiasi. Uzoefu, ambao sisi wazee huusifu mno, huweza kuwa mwalimu mbaya kwa namna hiyo.

Kwa hiyo nilibadilisha mambo machache katika kazi yangu, na moja ndilo ninalolithamini. Nilianza kuwaambia abiria kabla ya kuwasha injini, kwa sauti na kwa Kiswahili cha kueleweka: "Leo tunakwenda kuitazama Marsabit. Ikifika saa tatu haijafunguka, tutakunywa chai Isiolo." Nilibeba mafuta ya kutimiza ahadi hiyo. Lililonishangaza ni kwamba abiria hawakukasirika. Aliyeambiwa mapema kwamba huenda asifike hukaa kitini akiwa mtu mwingine kabisa, naye rubani aliyekwisha kulitamka jina la Isiolo mbele ya mashahidi hatalazimika kulitafuta akiwa ndani ya tundu. Kugeuza kulikoamuliwa ardhini ni utaratibu, ila kunakoamuliwa kati ya miti ni bahati.

Na kugeuza kwenyewe si kuelekeza pua ulikotoka. Tarehe 10 Juni 2024 ndege ya jeshi la Malawi aina ya Dornier 228, iliyombeba Makamu wa Rais Saulos Chilima, ilishindwa kutua Mzuzu kwa sababu ya hali mbaya ya hewa ikaambiwa irudi Lilongwe. Iligonga ardhi katika msitu wa Chikangawa, na wote tisa waliokuwemo walikufa. Nilipopata habari hiyo nilikuwa na darasa siku iliyofuata, nikafuta somo lililoandikwa ubaoni. Nikawachorea mlima, wingu, na ndege iliyo chini ya kilele, nikawauliza nini kinafuata baada ya kusema "narudi." Wanafunzi wanane kati ya kumi walitaja mwelekeo. Wawili walitaja kupanda. Katika nchi ya milima, unapanda kwanza hadi kimo ambacho hakuna kitu chenye mizizi kinachoweza kukufikia, ndipo unaanza kufikiri unakwenda wapi. Mimi 2001 nilipanda na kukunja kwa pamoja, na nilipata upande wa tambarare kwa kumbukumbu tu. Ningekunja kulia, mwingine ndiye angekuwa anaisimulia safari ile, naye angeisimulia vibaya.

Siku hizi mambo yamesogea. Kiambatisho cha 19 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kilichoanza kutumika Novemba 2013, kinazitaka nchi ziwe na utaratibu wa watu kuripoti kwa hiari matukio ambayo hayakufika kuwa ajali, na anayeripoti alindwe. Ni jambo jema, na fomu zipo. Ila fomu ina kisanduku cha "toa maelezo ya tukio," na mtu mwenye ustadi anaweza kukijaza kwa mstari kama ule wangu wa Isiolo, kila neno likiwa sahihi. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, tarehe 6 Novemba 2022, ikaua watu 19 kati ya 43, nilizungumza na rubani mmoja Mtanzania ambaye aliwahi kutua pale mara nyingi. Alinieleza kwa nusu saa juu ya pepo za ziwani na mvua zake za asubuhi, mambo ya thamani kubwa. Nilimwuliza kama ameyaandika mahali. Akacheka, akasema kwamba anayeruka kule anayajua.

Sista nilimtafuta mwaka 2012, nilipokwisha kuacha kuruka. Alikuwa amezeeka na anaishi katika nyumba ya watawa wastaafu huko Nyeri. Alinikumbuka kwa sauti kabla ya kunikumbuka kwa sura. Tulizungumza habari za watu wa Marsabit, kisha nikamwambia kwamba niliwahi kumjibu uongo, kwamba ile miti haikuwa chini yetu.

"Basi ile rozari sikuisali bure," akasema, akatabasamu. Alinimiminia chai. Halafu akaniuliza, kwa sauti ileile ya mtu anayeuliza saa, "Na wenzako wa kazini, uliwaambia lini?"

Nikamwambia, "Baada ya miaka mitano, Sista." Akaanza kuhesabu kwa vidole, kutoka 2001, polepole, akafika kidole gumba akasimama, kwa maana yeye pia alikuwa amewafahamu baadhi ya waliokufa mwaka ule.

Jioni hiyo nilitoa logibuku ya zamani kabatini. Mstari wa Isiolo ulikuwa palepale, kwa wino wa buluu. Chini yake kulikuwa na nafasi ndogo, nikaijaza kwa wino mweusi na tarehe ya siku hiyo: "Niliingia tunduni kusini mwa mji nikiwa chini ya kilele. Barabara hupanda. Miti ilikuwa kando yetu, upande wa kulia." Nakala ya ukurasa huo ndiyo wanafunzi wangu huipata siku ya kwanza ya somo la kutua, pamoja na karatasi tupu.